Kuchapa kitambaa cha viti vya gari la modeli nyumbani: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Printa ya nyumbani inaweza kuchapa kwenye kitambaa? Wino hautachuruzika? Ile karatasi maalumu ya kuchapia vitambaa inapatikana wapi? Nimeyaweka majibu mahali pamoja, kwa ajili yako unayejenga gari la modeli la skeli ya 1/24 au 1/25 (yaani dogo mara 24 au 25 kuliko gari halisi) na umechoka na viti vya plastiki vilivyopakwa rangi.

Mfano nitakaoutumia ni Volkswagen Golf GTI ya kwanza, ile iliyooneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976. Viti vyake vya drafti za Kiskoti, vyenye nyeusi na nyekundu, vilibuniwa na Gunhild Liljequist, mbunifu wa vitambaa na rangi wa Volkswagen kule Wolfsburg. Huyo huyo ndiye aliyeleta kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Revell, watengenezaji wa modeli za kuunganisha, walitoa seti ya gari hili katika 1/24, na bila zile drafti, GTI yako itabaki kuwa Golf ya kawaida tu. Njia ni ile ile ukijenga Peugeot 504 au basi la mkoani.

Kabla ya yote: usihangaike na printa, hangaika na kitambaa. Printa ya bei ya chini inatosha. Kitambaa kikiwa kibaya, hakuna printa itakayokuokoa.

Na kama unajenga 1/43 au 1/64, ishia hapa. Katika skeli hizo kitambaa ni kinene mno. Chapa kwenye karatasi nyembamba, ipulizie klia (vanishi isiyo na rangi) isiyong'aa, ubandike. Viti vya reksini navyo, kama vya matatu nyingi, hutoka vizuri zaidi kwa karatasi au rangi kuliko kwa kitambaa.

Vitu vya kuandaa

- Printa ya wino. Si ya leza.
- Kitambaa cheupe chembamba, robo mita inatosha kwa magari mengi.
- Karatasi za stika za A4, zile nzima zisizokatwakatwa, za kubebea kitambaa ndani ya printa badala ya ile karatasi maalumu. Steshenari wanazo.
- Pasi isiyo na mvuke, au uuzime mvuke.
- Wembe mpya au kisu cha kukatia chenye ncha, rula ya chuma na ubao wa kukatia.
- Maskingi tepu na tepu nyembamba ya pande mbili.
- Klia ya kopo la kupuliza, isiyong'aa.
- Gundi nyeupe ya mbao, njiti za meno, kibanio kidogo.
- Makapeni nyeusi isiyofutika.
- Kompyuta yenye GIMP (programu ya kuhariri picha) au Inkscape (programu ya kuchorea). Zote ni za bure.

Printa ya leza isikaribie kazi hii. Ndani yake kuna rola zinazopashwa moto wa karibu nyuzi 200 za Selsiasi ili kuyeyusha poda ya wino. Gundi ya stika ikikutana na moto huo, kitambaa kitang'ang'ania kwenye rola na fundi atakula pesa yako. Ndiyo maana mwenye steshenari akikataa kuingiza kitambaa chako kwenye mashine yake, usimlaumu.

Kuchagua kitambaa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua kitambaa unachodhani ni chembamba, weka rula juu yake, kipige picha ya karibu kwa simu na uhesabu nyuzi ndani ya milimita moja. Ukikuta nyuzi nne, maana yake kila uzi una upana wa karibu robo milimita. Zidisha mara 24: kwenye gari halisi huo ungekuwa uzi wa milimita 6, mnene karibu kama penseli. Hakuna kiwanda kilichowahi kufuma kiti cha gari kwa nyuzi za namna hiyo, na jicho la mtazamaji linalijua hilo hata kama yeye mwenyewe hawezi kueleza kasoro iko wapi. Kwa hiyo tafuta zaidi ya nne; nne ndiyo kiwango cha chini kabisa. Chini ya hapo kirudishe dukani.

Bafta nyembamba inafaa kwa kujifunzia, kwa sababu ni rahisi kuipata na inanywa wino vizuri. Melimeli ya pamba iliyofumwa kwa kubana ni bora zaidi. Hariri nyembamba ndiyo inayotoa drafti safi kuliko zote, ila inateleza mkononi na kuikata ni kazi. Bitana ya suti ina nyuzi ndogo sana na inavutia macho, lakini mara nyingi ni poliesta, na wino wa printa ya kawaida haushiki kwenye poliesta: unakaa juu juu na kusambaa. Popilini ya sare za shule ni nene mno. Kitambaa chenye kunyumbuka usikiguse kabisa, kwa sababu drafti zitapinda siku ya kubandika.

Angalia pia unene. Kitambaa cha milimita 0.2 ni karibu milimita 5 za gari halisi. Hilo kiti kinalibeba. Kikifika milimita 0.4, kiti kitavimba na huenda kisiingie kati ya mlango na kisanduku cha gia.

Usinunue cheupe cha maziwa au cha krimu. Printa haina wino mweupe; sehemu zote nyeupe za picha ni rangi ya kitambaa chenyewe.

Hatua ya 1: Osha na upige pasi

Kitambaa kipya kina uwanga wa kiwandani unaozuia wino usipenye. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza vizuri, kisha anika. Usitie kilainisha nguo. Kikiwa na unyevunyevu bado, kipige pasi mpaka kinyooke kabisa na kukauka. Mkunjo mdogo utakaoupuuza sasa utaonekana baadaye kama mstari mweupe katikati ya kiti.

Hatua ya 2: Tafuta au chora picha

Ukiwa na kiti halisi mbele yako, kipige picha ukiwa umekielekea moja kwa moja, kwenye kivuli, bila flashi, na uweke rula pembeni ndani ya picha. Rula hiyo itakuokoa kwenye hesabu. Picha iliyopigwa kwa pembe inabidi inyooshwe kwenye GIMP kabla ya kufanya lolote.

Kwa drafti mimi napendelea kuchora upya. Kwenye Inkscape chora mistari ya wima ya rangi unazotaka, nakili, igeuze iwe ya mlalo, kisha punguza uzito wa rangi ya tabaka la juu hadi nusu. Mahali mistari inapokutana rangi inakolea yenyewe, kama inavyotokea kwenye kitambaa kilichofumwa. Mchoro wa namna hii hubaki mkali hata ukiupunguza sana, wakati picha ya simu ikipunguzwa hubaki na ukungu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya skeli

Gawanya kila kipimo kwa namba ya skeli. Drafti inayojirudia kila sentimita 6 kwenye gari halisi itajirudia kila milimita 2.5 kwenye 1/24, na kila milimita 3.3 kwenye 1/18. Sehemu ya katikati ya kiti yenye upana wa sentimita 30 itakuwa milimita 12.5, yaani utapata drafti tano tu kwa upana. Ukiona zako ni mbili, umekosea hesabu.

Sasa angalia mistari myembamba. Picha yenye nukta 300 kwa inchi ina pikseli karibu 12 kwa kila milimita. Mstari wa milimita 2 kwenye gari halisi unakuwa milimita 0.08, yaani pikseli moja, na juu ya kitambaa wino wake utasambaa hadi upotee. Fanya kazi kwa nukta 600, na mistari ya namna hiyo inenepeshe mara mbili kwa makusudi. Hapa jicho lina haki kuliko kikokotoo.

Hesabu hiyo hiyo inakupa mengine. Mkanda wa usalama una upana wa karibu milimita 48, kwa hiyo kwenye 1/24 ni utepe wa milimita 2. Ukijenga matatu ya Kenya ya baada ya Februari 2004, zile kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilizolazimisha mikanda zilipoanza kutumika, mikanda isikose. Kanga ya kutandikwa juu ya kiti cha dereva, ambayo halisi ni karibu sentimita 150 kwa 110, inakuwa milimita 62 kwa 46. Chapa pindo na mji wake, na kama herufi za jina ni za sentimita 4, zitatoka za milimita 1.7, zinasomeka kabisa.

Hatua ya 4: Panga ukurasa

Usichape kipande kimoja. Jaza ukurasa wa A4 kwa nakala za ukubwa tofauti kidogo: asilimia 90, 100 na 110. Kwa kila ukubwa weka toleo la rangi ya kawaida na toleo lililokolezwa. Pamba hufifisha rangi: nyekundu inaelekea waridi, nyeusi inaelekea kijivu. Ongeza ukolevu na utofauti kwenye programu mpaka picha ionekane imezidi kwenye skrini.

Acha kingo zote za ukurasa wazi kwa sentimita 2.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, weka juu ya kiti. Jaribio hili linagharimu karatasi moja. Kwenye dirisha la kuchapa hakikisha ukubwa ni asilimia 100; printa nyingi huja na chaguo la kutosheleza ukurasa, na chaguo hilo linaharibu hesabu yako yote kimya kimya.

Hatua ya 5: Bandika kitambaa kwenye stika

1. Kata kitambaa kikubwa kidogo kuliko A4, nyuzi zake zikienda sambamba na kingo za karatasi.
2. Gundi ya stika ni kali. Bandua ngozi ya nyuma, kisha gusisha upande wa gundi kwenye fulana safi mara mbili tatu ili kuipunguza makali. Usipofanya hivyo, kitambaa kitavutika na kupinda wakati wa kukitoa.
3. Laza kitambaa juu ya gundi kuanzia ukingo mmoja, ukisukuma kwa kiganja kuelekea ukingo wa pili. Povu lolote la hewa litagusana na kichwa cha printa.
4. Pindua, kata ziada yote kwa wembe na rula ili kitambaa na karatasi vilingane.
5. Ukingo utakaotangulia kuingia ufunge kwa ukanda mwembamba wa maskingi tepu, nusu juu, nusu chini.
6. Pitisha kidole pembeni mwote. Uzi wowote unaoning'inia, kata. Uzi mmoja ukinaswa na kichwa cha printa utapaka wino ukurasa mzima.

Hatua ya 6: Chapa

Printa yenye mlango wa karatasi nyuma ndiyo bora, kwa sababu karatasi inapita karibu imenyooka. Zile za droo ya mbele huikunja karatasi nusu duara ndani, na kitambaa hubanduka pale pale. Ingiza ukurasa mmoja tu. Chagua aina ya karatasi nene isiyong'aa na ubora wa juu. Ukichagua ya picha inayong'aa, wino utamiminwa mwingi na mistari itavuja. Ukurasa ukiingia upande, futa kazi na uanze upya. Usiuvute kwa nguvu.

Hatua ya 7: Kausha na uzuie wino

Acha kitambaa kikae kwenye stika yake mpaka kesho yake. Kesho kibandue polepole, ukikivuta kwa kukilaza nyuma na si kwenda juu, kisha weka karatasi safi juu na chini na upitishe pasi kavu kwa sekunde chache.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulirusha: lowanisha njiti ya pamba, ibonyeze kwenye kona isiyo na kazi. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino unaoyeyuka kwenye maji, hasa kwenye rangi; nyingine hutumia pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), ambayo haitoki kwa urahisi. Njiti ikitoka na rangi, unajua kwamba gundi nyeupe itakuchurua drafti zote, maana gundi hiyo ina maji.

Dawa yake ni klia. Pulizia kutoka umbali wa sentimita 25 hadi 30, ukungu mwepesi, upande wa mbele kisha wa nyuma. Kausha, rudia mara moja. Klia ikilowesha kitambaa kwa mpigo mmoja, kitakuwa kigumu na kitang'aa. Fanyia nje, upepo ukiwa umetulia.

Hatua ya 8: Andaa kiti

Viti vya seti nyingi vina mistari ya mishono iliyochongwa. Kitambaa kikilazwa juu yake kitaning'inia hewani. Jaza kwa puti au piga msasa, ila mfereji unaotenganisha sehemu ya katikati na mbavu za pembeni uuache, tena uchimbe zaidi. Ndimo utakamofichia kingo. Paka kiti chote rangi nyeusi isiyong'aa. Plastiki nyeupe au nyekundu chini ya kitambaa chembamba inaonekana. Kwenye GTI mbavu zinabaki nyeusi, kwa hiyo hapo kazi imekwisha.

Hatua ya 9: Toa kiolezo na ukate

Bandika maskingi tepu juu ya sehemu ya kiti utakayoifunika, ibonyeze kwenye mifereji kwa njiti, kata kwa wembe ukifuata mfereji, ibandue uibandike kwenye karatasi ngumu. Hicho ndicho kiolezo chako. Fanya kimoja cha egemeo na kimoja cha makalio, yaani sehemu ya kukalia.

Weka kiolezo juu ya drafti, mstari mkuu ukiwa katikati kabisa. Mstari huo huo lazima uendelee kutoka kwenye egemeo hadi kwenye makalio, na viti viwili vya mbele vilingane. Ukimwonesha mtu anayeyajua magari haya, hapo ndipo atakapotazama kwanza.

Kabla ya kukata, pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi kwa upande wa nyuma, juu ya mstari wa kukatia, kidogo sana, na uache ikauke kabisa ili mvuke wake usiile plastiki. Inazuia nyuzi kufumuka. Kisha kata kwa wembe mpya ukiacha nusu milimita ya ziada. Mkasi huvuta kitambaa. Wembe butu huvuta zaidi.

Hatua ya 10: Bandika

Paka gundi nyeupe isiyozimuliwa kwa maji kwenye kiti, si kwenye kitambaa, safu nyembamba. Subiri dakika moja ianze kunata. Anza na katikati, sukuma kuelekea pembeni, kisha ingiza ile nusu milimita ndani ya mfereji kwa njiti ya meno. Kwa kadi za milango (paneli za ndani za milango), ambazo ni bapa, tepu ya pande mbili ni safi zaidi.

Mambo mawili yasifanyike. Gundi ya fundi viatu ina kemikali zinazoyeyusha plastiki ya modeli. Ikipakwa nene kiti kinalainika. Na supa gluu usiimwage kwenye pamba: inakutana na nyuzi zake na kupata moto ghafla, inatoa moshi unaochoma macho, na inaweza kukuunguza vidole. Hata ukiponea chupuchupu, huacha doa gumu lisilotoka.

Mwisho, pitisha makapeni nyeusi kwenye kingo zilizokatwa. Kitambaa ni cheupe ndani, na mstari mweupe mwembamba kuzunguka kiti utaharibu kila ulichofanya.

Kama huna printa

Wachapaji wa fulana na vikombe hutumia njia ya kuhamisha rangi kwa joto: picha inachapwa kwenye karatasi, kisha inabanwa juu ya poliesta kwa mashine ya moto. Rangi inaingia ndani ya nyuzi zenyewe na maji hayaitoi. Wapelekee faili la ukurasa mzima na kipande cha poliesta nyeupe yenye nyuzi ndogo; ile bitana niliyoikataa juu ndiyo inayofaa hapa. Wakumbushe kugeuza picha kama iko kwenye kioo kama ina maandishi, na kutobadilisha ukubwa.

Mambo yakienda mrama

*Rangi zimefifia.* Uwanga haukutoka, au hukukoleza picha. Osha upya kitambaa kingine. Usijaribu kuchapa mara ya pili juu ya kile kile, hakitalingana.

*Mistari imevuja.* Wino umezidi. Badilisha aina ya karatasi kwenye mipangilio, au kitambaa kina nyuzi kubwa.

*Kuna mistari mieupe inayokata picha.* Matundu ya kichwa cha printa yameziba. Safisha kwa programu ya printa yenyewe na uchape ukurasa wa majaribio kwanza.

*Madoa ya wino pembeni.* Kitambaa kiliinuka kikagusa kichwa. Chapa karatasi tupu mbili tatu kusafisha njia, kisha rudi hatua ya 5.

*Kitambaa kimekuwa kigumu.* Klia ilizidi. Kikiwa bado hakijabandikwa, kikunje na kukikunjua taratibu kuzunguka penseli.

*Gundi imepenya hadi juu na kung'aa.* Ukungu mwepesi wa klia isiyong'aa juu ya kiti kizima huficha sehemu kubwa. Doa likibaki, bandua kitambaa gundi ikiwa bado mbichi na utumie nakala nyingine kutoka kwenye ule ukurasa uliojaza.

*Kiti hakiingii tena.* Piga msasa chini yake na mgongoni, mahali pasipoonekana, mpaka kiingie bila kulazimishwa.